Kadi Ambayo Sikuigeuza

Mwanangu Salma,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mama yako, kwenda kutafuta viatu vya theluji, kwa sababu mama yako haamini kwamba huko Winnipeg unakokwenda kuna maduka. Nimewaona kutoka dirishani mkivuka barabara ya Finch, yeye mbele, wewe nyuma na simu mkononi. Nimekaa hapa mezani jikoni, jua la mchana linapiga kwenye begi lako pale mlangoni, na nakadiria mtarudi baada ya saa mbili tatu. Zinanitosha.

Maagizo ya safari sina. Mama yako ameshakuandikia karatasi nzima, nimeiona kwenye mfuko wa pembeni wa begi: dawa ya kifua, namba za watu wa msikitini, namna ya kuloweka maharage. Hayo yafuate. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la zamani, na nimelichelewesha miaka saba.

Naandika kwa Kiswahili. Najua unakielewa chote, ila ukiongea nasi unajibu kwa Kiingereza, na ukikisoma unakwenda polepole, midomo ikitamka. Soma hivyohivyo polepole. Kiingereza changu ni cha ofisini, kina njia nyingi za kukwepa, na nikiandika kwa Kiingereza najua nitajificha.

Juzi tukila ulitusimulia habari za mwalimu wenu wa maabara, yule aliyewaambia kwamba lebo moja ikibandikwa kwenye kichupa cha damu ya mtu mwingine, mgonjwa anaweza kufa. Mama yako akasema, "Mungu apishie mbali." Wewe ukacheka, ukasema kosa kama hilo wewe huwezi kulifanya, kwa sababu umelelewa na mtu aliyekuwa akiandika lebo maisha yake yote na hakuna kilichompita. Ukanipiga begani. Nikainuka kwenda kuchukua maji ambayo sikuyataka.

Salma, unamkumbuka Bi Gulshan? Ulikuwa ukimwita Bibi Gulu. Alikuwa akija hapa Jumapili na sanduku la mithai, ukikaa mapajani mwake ukimvua bangili moja moja. Ulipokuwa na miaka saba aliacha kuja. Uliniuliza mara tatu yuko wapi, na mara ya tatu nikakuambia amehamia Calgary.

Bi Gulshan hakuwahi kuhamia Calgary. Anakaa Don Mills, hapahapa Toronto, kwenye jengo lilelile alilokuwa akikaa siku zote.

Nianze mwanzo. Tulipofika Toronto wewe ulikuwa na miaka mitatu. Mimi niliacha shule ya msingi kule Kilosa, ubao, chaki na darasa la watoto sitini, nikaja kusukuma matoroli kwenye ghala. Mwaka wa pili, siku moja nilikuwa kwenye basi naongea na baba yangu kwa simu. Nilipokata, mama mmoja wa Kihindi aliyekaa mbele yangu, shali begani, akageuka.

"Wewe mtu wa wapi?"

Nikamwambia Morogoro.

"Mimi Tabora," akasema. "Nimezaliwa pale, nimesoma pale, nimetoka nina miaka kumi na saba. Miaka mingi sijasikia mtu akisema 'shikamoo baba' ndani ya basi."

Kabla hajashuka alikuwa ameshaniuliza nasoma vizuri maandishi madogo au la. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimekaa meza ya pili kutoka kwake, kwenye kampuni moja iliyokuwa kule juu karibu na barabara ya Steeles, katikati ya viwanda. Aliniombea kazi ile kwa jina lake. Alimwambia meneja, "Huyu ni mwalimu, haandiki ovyo." Tangu siku hiyo hakuniita jina jingine. Nilikuwa Mwalimu.

Kazi yenyewe sikuwahi kukueleza sawasawa, ulikuwa mdogo. Watu wa hapa wanakusanya kadi za wachezaji wa zamani, wa hoki ya barafuni hasa. Ni vipande vya karatasi ngumu, vidogo kuliko kiganja, vilivyokuwa vikiuzwa na jojo za watoto. Mbele picha ya mchezaji, nyuma maelezo yake. Mwenye kadi anaituma kwa kampuni. Wapimaji wanaiangalia kwa lenzi, pembe zake, kingo zake, kama imekunjwa, wanaipa daraja kutoka moja mpaka kumi. Kisha inafungwa ndani ya kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa, na juu yake inakaa lebo: mwaka, namba, jina la mchezaji, daraja. Sisi tulikuwa waandishi wa lebo. Na ukweli ni kwamba ikishafungwa, watu wanaiamini lebo kuliko kadi.

Makosa yalikuwepo. Nimeona golikipa aliyeandikwa kocha. Nimeona kadi ya mchezaji wa Montreal ikaandikwa Toronto, mteja akapiga simu akilalamika kana kwamba tumembadilishia dini. Kuna hata wakusanyaji wanaotafuta makasha yenye lebo zilizokosewa, wanayaweka kabatini kama vichekesho. Kwa hiyo Bi Gulshan alinifundisha kanuni moja tangu siku ya kwanza.

"Kwanza igeuze," aliniambia. "Mbele ni picha, na kila mtu anapendeza kwenye picha. Jina kamili liko nyuma. Usiandike mpaka umegeuza."

Nikageuza. Mwaka mzima niligeuza kila kadi.

Halafu nikaanza kujua. Nilikuwa nikiazima vitabu vya hoki maktaba, wewe ukichora upande wa watoto, mimi nikikariri majina. Mimi ambaye sijawahi kusimama juu ya barafu bila kushika kitu, nikawa nawataja wachezaji wa miaka ya hamsini kwa timu na kwa namba za mgongoni. Vijana wa pale kazini walikuwa wakinijaribu wakati wa chai. Mmoja alisema, "Mwalimu anajua hoki kuliko sisi tuliozaliwa nayo." Sijui kama unaweza kuelewa neno lile lilinifanya nini. Ghalani nilikuwa nikiitwa kwa kupigiwa mluzi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Kompyuta yangu iliganda tangu asubuhi na fundi hakuja. Bi Gulshan alikuwa anampeleka mumewe hospitali, mzee alikuwa na ugonjwa wa moyo. Akavaa koti, akaniita.

"Kaa kwangu, Mwalimu. Nimeshaifungua. Usiniachie kiporo."

Nikakaa kwake, kwenye mashine iliyofunguliwa kwa jina lake.

Mchana ikaja kadi ya zamani sana. Palikuwa na ndugu wawili waliocheza timu moja. Majina yao halisi nayaacha, nitawaita Raymond na Émile. Raymond alikuwa jina kubwa, watoto wa hapa walimjua mpaka babu zao. Émile, mdogo wake, alicheza msimu mmoja tu, akaumia goti, akarudi kwao kaskazini kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mbele ya kadi paliandikwa jina la ukoo peke yake. Sura zao zilifanana kama sahani mbili za seti moja.

Nikaiangalia ile picha nikasema moyoni, huyu Raymond, namjua. Nikatazama fomu ya mteja. Imeandikwa Émile, kwa mkono, kwa herufi safi za mwanamke. Na mimi, mwanangu, nikatabasamu. Nikasema wateja bwana, hata kadi zao hawazijui. Nikamsahihisha. Nikaandika Raymond. Kadi ile sikuigeuza.

Ningeigeuza ningesoma nyuma, kwa Kiingereza na Kifaransa, jina zima la Émile, mji wake, uzito wake, na kwamba alikuwa mdogo wake Raymond. Ilihitaji vidole viwili.

Kama wiki tatu zilipita. Siku moja meneja akatoka ofisini kwake na karatasi iliyochapishwa picha ya lile kasha. Mteja alikuwa mwanamke, nitamwita Claudette, binti wa Émile. Baba yake alikuwa hai bado, yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee, na anafikisha miaka themanini na mitano. Claudette aliitafuta ile kadi muda mrefu, akaipata, akaituma kwetu ifungwe vizuri iwe zawadi. Kasha liliporudi hakulitoa kwenye bahasha yake, alitaka walione pamoja siku ya sherehe. Mzee akalitoa mwenyewe, mbele ya wajukuu, akasoma jina la kaka yake.

Claudette alikuwa amelipiga picha papo hapo, akaiweka mtandaoni na maneno machache. Wakusanyaji wakaisambaza. Safari hii hakuna aliyecheka sana. Alipopiga simu alitaka jambo moja, ajue aliyeandika amechukuliwa hatua.

Kila lebo ilikuwa na namba. Meneja aliingiza ile namba kwenye kompyuta, na jina lililotokea lilikuwa la Bi Gulshan.

Alikaa ofisini mwa meneja muda mfupi. Alipotoka alikuja moja kwa moja chumba cha chakula. Nilikuwa peke yangu. Nakumbuka mama yako alinifungia wali na samaki wa nazi.

"Mwalimu," akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, "ile Jumanne niliyompeleka mzee hospitali, wewe ndiye uliyekaa kwenye mashine yangu?"

Nikafunika kopo la chakula.

"Sikumbuki, Bi Gulshan."

"Hukumbuki."

"Siku zinafanana."

Alinitazama. Nikaangalia kopo.

"Haya," akasema. "Zinafanana kweli."

Salma, nimelipitia lile neno mara nyingi kuliko dua zangu. Sikumbuki. Sikumwambia kwamba si mimi. Nilichagua neno ambalo kesho yake ningeweza kulirudisha, ningeweza kusema sasa nimekumbuka. Ndiyo hila yake. Unasema uongo mdogo wenye mlango, unajiahidi kwamba utarudi kupita mlangoni, na kila siku mlango unazidi kuwa mwembamba.

Nilikuwa na sababu, usidhani sikuwa nazo. Makaratasi yetu ya ukazi yalikuwa hayajakamilika. Mama yako alikuwa anasoma. Wewe ulikuwa umeanza kuvaa miwani. Nilizihesabu sababu zangu ndani ya basi kutoka Steeles mpaka hapa nyumbani, zote za kweli, na hakuna hata moja iliyonisaidia kupata usingizi.

Wiki iliyofuata Bi Gulshan alipewa barua ya kuachishwa kazi. Alikuwa na miaka sitini na tatu, amebakiza miwili astaafu. Alifungasha kikombe chake, ile shali ya kujikinga na kiyoyozi na picha ya wajukuu. Alitupa mkono sote. Mimi alinipa mkono wa mwisho, akasema, "Wasalimie nyumbani." Hakuna zaidi.

Mwezi haukuisha nikapewa meza yake. Cheo kikapanda kidogo. Mama yako akapika pilau, wewe ukavaa gauni la njano, ukauliza, "Bibi Gulu anakuja?" Ukauliza tena wakati wa kunawa mikono. Mara ya tatu chakula kiko mezani. Ndipo nikasema Calgary, kwa sababu ni mbali, na kwa sababu televisheni ilikuwa inataja hali ya hewa ya huko. Ukasema, kwa Kiingereza, kwamba hakukuaga. Ukaendelea kula pilau lako.

Mama yako naye aliamini hivyo. Yeye nilimwambia baadaye kidogo kuliko nilivyopaswa, na alinipa adhabu yake. Hayo ni yetu.

Miaka minne nilikaa na jambo lile. Ndiyo miaka unayoikumbuka, ya baba anayeangalia kila kitu mara nne, anayerudi mlangoni kuangalia kufuli, anayesoma fomu zako za shule kwa rula. Uliona umakini. Watu wa kazini nao waliona umakini. Ilikuwa hofu, mwanangu, na nasikitika kwamba umeichukua ukaipa jina zuri.

Nilifikiria sana darasa langu la Kilosa wakati ule. Nilikuwa mwalimu wa kalamu nyekundu na kiboko. Mtoto akikosea hesabu aliyokwisha kufundishwa, alisimama. Nilijivunia kwamba wanafunzi wangu hawakosei. Siku moja nilikusanya madaftari nikakuta kurasa zimechanwa katikati, daftari baada ya daftari, kwa ustadi mkubwa. Walikuwa wanakosea kama watoto wote. Walichojifunza kwangu ni kuchana karatasi bila kuacha alama. Niliwachapa kwa hilo pia. Sikujua kwamba ningekuja kuwa mwanafunzi wao.

Yaliyonitoa kwenye kimya ni jambo dogo, na wewe ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikwenda mtaa wa Thorncliffe kwenye lile duka linalouza mihogo ya barafu na maembe ya Pakistani. Umeshika sanduku la maembe, unalinusa. Nikainua macho nikamwona Bi Gulshan mwisho wa safu ya rafu, ameinama kwenye friji. Amekonda. Amevaa sare ya kahawia ya mtu anayetoka kazini.

Nilikushika mkono, nikakuambia weka maembe chini, tunaondoka. Ulilalamika mpaka kituo cha basi. Uliniuliza nani anatufukuza. Nikasema duka lile limepandisha bei.

Ndani ya basi ulininunia, na nikaona kitu ambacho miaka minne sikukiona: kwamba sasa nakimbia na mtoto wangu mkononi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Don Mills. Sikuhitaji kuulizia. Nilikuwa najua anapokaa siku zote.

Alifungua mlango, akanitazama kutoka viatu mpaka kofia.

"Mwalimu," akasema. "Umechelewa."

Akaniacha mlangoni akaenda kuweka chai. Nikavua viatu, nikakaa. Ukutani palikuwa na picha ya mumewe imewekwa ubani mbele yake, nikajua mzee hayupo. Alileta chai ya maziwa na iliki, na chevdo, ule mchanganyiko wa Kihindi wa dengu na karanga, kwenye kibakuli. Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilisema ile Jumanne nilikaa kwenye mashine yako, kadi nimeandika mimi, sikuigeuza, na uliponiuliza nilikumbuka vizuri sana.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Meneja alinionyesha lebo. Wewe ukiandika jina la ukoo unaweka nukta mbele yake. Mimi siweki nukta. Tangu nimekufundisha kazi nakuambia acha nukta."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia meneja.

"Nilitaka useme mwenyewe." Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Siku ile nilikaa ndani ya gari pale maegesho mpaka saa kumi na mbili. Niliona taa zinazimwa. Nikasema Mwalimu atatoka, atakuja dirishani. Ulitoka. Ukapita upande wa pili, ukaenda zako kituo cha basi."

Nilikumbuka lile gari. Nililiona.

"Na mzee?" nikauliza, nikiangalia picha.

"Mwaka mmoja baadaye."

"Dawa zake... ile bima ya kazini..."

"Hakufa kwa sababu yako," akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipokuwa kali. "Usijipe ukubwa huo. Alikufa kwa moyo wake. Mimi nilisimama miaka miwili kwenye kaunta ya kahawa ya hospitali kulipia hizo dawa na baadaye kulipia maziko, na bado nakwenda siku tatu kwa wiki kwa sababu nikikaa ndani naona kuta. Hilo la kusimama, ndiyo, hilo ni lako. Lichukue hilo. Usichukue lisilo lako."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa njiani, mrefu. Akainua mkono.

"Chai kunywa. Kusamehe ni kazi nyingine, sijaianza. Wewe una barua mbili za kuandika. Moja ya ofisini, jina langu lisafishwe. Moja ya yule binti wa mzee. Na la tatu si barua. Yule mtoto wako umwambie ukweli."

Nikamuuliza amejuaje nilikuambia nini.

"Mama yake alinipigia mwaka jana. Aliniambia kwenu mimi nakaa Calgary." Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Baridi ya Calgary siiwezi."

Sikujua kwamba mama yako alikuwa amempigia. Hakuniambia, na mimi sikustahili kuambiwa.

Barua ya ofisini niliipeleka Jumatatu. Kampuni ilikuwa na mmiliki mpya, meneja mpya, na huyo mpya alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Alisema ni zamani. Nikamwambia Bi Gulshan yuko hai na anwani yake hii hapa. Baada ya wiki kadhaa alimwandikia kwamba kumbukumbu zimerekebishwa na kampuni inasikitika. Aya mbili. Bi Gulshan ameiweka kwenye droo pamoja na cheti chake cha ndoa. Mimi nilitolewa kwenye lebo nikapelekwa kufunga vifurushi, na baada ya miezi sita nikaacha. Wewe ulidhani baba amechoka na kadi ameamua kuendesha basi la shule. Sikukurekebisha.

Barua ya Claudette ilinichukua muda mrefu zaidi, nikaiandika mara tano. Hakujibu kwa barua, alipiga simu. Sauti ya mwanamke mtu mzima, Kiingereza chenye Kifaransa ndani. Nilikaa palepale ulipo ule mwavuli wako sasa, nimejibanza ukutani nikisubiri kutukanwa.

Aliniambia siku ile ya sherehe, baba yake alisoma lebo, akacheka, akasema, "Nilijua Raymond atakuja tu." Maisha yake yote watu walikuwa wakimwita kwa jina la kaka yake, kanisani, kiwandani, hata kwa daktari. Halafu akaacha kucheka. Akaomba kalamu, ile ya wino mzito ya kuandikia maboksi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, mjukuu akataka kumsaidia, akakataa. Akaandika mwenyewe jina lake juu ya plastiki, kubwa, limepinda, likafunika ile lebo yetu yote.

"Mlinitumia ujumbe niirudishe mrekebishe," Claudette akasema. "Sikuirudisha. Mngevunja kasha."

Mzee alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata. Kasha lile liko juu ya piano yake.

Kisha akaniuliza yule mama aliyefukuzwa anaitwa nani. Nikamwambia. Akasema, "Nilitaka mtu aadhibiwe. Sikuuliza ni nani." Akaomba namba ya Bi Gulshan. Walichozungumza sikuambiwa.

Nakwenda Don Mills kila baada ya miezi miwili hivi. Zile Jumamosi ambazo nakuambia nina basi la shule la kupeleka gereji. Nabadilisha balbu, tunakunywa chai, ananisimulia habari za soko la Tabora kana kwamba alitoka juzi. Hajawahi kutamka kwamba amenisamehe, nami nimeacha kuuliza. Kila ninapoondoka ananiuliza swali lilelile mlangoni.

"Umemwambia?"

"Bado."

Miaka saba, Salma. Mwanzo nilisema u mtoto. Halafu nikasema una mitihani. Halafu nikazoea kuwa yule baba uliyekuwa ukidhani ndiye mimi, na sikutaka kumpoteza. Kwa hiyo usifikiri nimejifunza nikamaliza. Kosa lile la lebo lilichukua sekunde chache. Haya mengine yote nimeyafanya nikiwa na akili timamu, na hili la kukuficha nimelifanya baada ya kujua kabisa linavyouma.

Huko maabara unakokwenda utabandika lebo, na siku moja utakosea. Utakuwa umechoka, au utakuwa na hakika, na kuwa na hakika ni kubaya zaidi. Sina uwezo wa kukuzuia usikosee, na mwalimu wako wa maabara naye hana. Ninachokuomba ni hiki: siku hiyo usiniogope mimi. Usiikumbuke ile picha ya baba ambaye hakuna kilichompita, ukaona aibu. Sema kabla ya watu kwenda nyumbani. Ukishindwa siku hiyo, sema kesho yake. Ukishindwa kesho, basi hata baada ya miaka minne, nenda ukagonge mlango, na ukiambiwa umechelewa, ingia hivyohivyo.

Ndege yako ni kesho saa tisa alasiri. Jirani ataniazima gari lake kuanzia asubuhi. Bi Gulshan nimempigia kabla sijaanza kuandika, nimemwambia leo namwambia. Amesema kesho saa nne asubuhi atakuwa nyumbani na kwamba usije umeshiba. Ukitaka nitakupeleka, nitabaki chini ndani ya gari, mna yenu ya kuzungumza, na mimi simo. Ukiona hutaki kwenda, ni sawa. Ukiona hutaki hata kupanda gari moja na mimi mpaka uwanja wa ndege, mama yako atakupeleka, nami nitabeba begi mpaka kwenye lifti.

Nawasikia kwenye korido. Mama yako anasema vile viatu vinabana na wewe unamwambia vitalegea. Naikunja barua hii niiweke juu ya mto wako. Usiijibu kwa maandishi. Ukimaliza kusoma njoo sebuleni, hata kama ni kunigombeza. Nitakuwa nimekaa, televisheni nimeizima.

Baba yako.